Sura ya Nne: Johan wa Pili

Mpenzi wa soka ukimuuliza ni nani aliyeijenga Uholanzi ya mwaka 1974, hatachelewa kukutajia majina mawili: Rinus Michels aliyeleta fikra, na Johan Cruyff aliyeipa fikra hiyo uhai uwanjani. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijatimia. Timu ile ilikuwa na Johan mwingine, kiungo mwenye nywele ndefu aliyevaa jezi namba 13, na bila yeye sioni ni kwa namna gani fikra ya Michels ingesimama. Jina lake ni Johan Neeskens. Watu wa Barcelona walimwita Johan Segon, yaani Johan wa Pili, kwa sababu wa kwanza alikwisha kufika kabla yake. Walimwita hivyo kwa mapenzi, na hata hivyo naona kwamba upili huo umetupotosha kwa miaka mingi. Soka la jumla, ambalo Waholanzi waliliita totaalvoetbal, husimuliwa kama nadharia: wachezaji kubadilishana nafasi, beki kupanda kufunga, winga kushuka kukaba. Nadharia hiyo ilikuwapo. Lakini kabla ya yote soka lile lilikuwa kazi, tena kazi nzito: kukimbia bila mpira, kumfuata mpinzani mpaka nyumbani kwake, kumnyang'anya, kisha kuanza upya. Hoja ya sura hii ni kwamba Neeskens aliifanya kazi hiyo kuliko mwenzake yeyote, na kwamba namna alivyoifanya ndiyo iliyobadilisha umbo la timu nzima.

Alizaliwa Heemstede, mji mdogo jirani na Haarlem, tarehe 15 Septemba 1951, akaanzia soka katika klabu ya nyumbani, Racing Club Heemstede. Mwaka 1970 Michels alimchukua kwenda Ajax akiwa na umri wa miaka 18. Inafaa kukumbuka Ajax ya wakati huo ilikuwa katika hali gani. Mwaka mmoja kabla, mwezi Mei 1969, ilikuwa imefika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mjini Madrid na kutandikwa 4-1 na AC Milan. Cruyff alikuwamo. Michels alikuwa kwenye benchi. Fikra ya kushambulia ilikwisha kuwapo, na mashabiki wa Amsterdam walikuwa wameionja tangu timu yao ilipoikung'uta Liverpool 5-1 mwaka 1966. Ila timu ilipopoteza mpira ilipasuka katikati, na Waitalia waliijua njia ya kupita. Tatizo la Ajax halikuwa namna ya kucheza ikiwa na mpira. Swali lililomsumbua Michels lilikuwa hili: wapi, na kwa haraka gani, timu itaupata mpira tena ikiupoteza.

Mwanzoni Neeskens hakupewa kazi ya kiungo. Alicheza beki wa kulia, na ndiyo nafasi aliyocheza tarehe 2 Juni 1971 uwanjani Wembley, Ajax ilipoifunga Panathinaikos ya Ferenc Puskás 2-0 na kutwaa Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza. Ni jambo dogo kwenye kumbukumbu, lakini kwangu lina uzito. Kijana asiyetimiza hata miaka 20, katika msimu wake wa kwanza kwenye klabu kubwa, anakabidhiwa ulinzi wa upande mmoja katika mechi kubwa kuliko zote barani, na msimu unaofuata anahamishiwa katikati ya uwanja bila timu kuyumba. Tumezoea kumsifu Cruyff kwa kuonekana kila mahali, na tunasahau kwamba mtu aliyeuishi kwa miguu yake ule msemo wa mchezaji kuweza kucheza popote alikuwa pia huyu.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Katika masimulizi ya watu wa benchi la Ajax, hasa kocha msaidizi Bobby Haarms, kuna maelezo ambayo kila mwanafunzi wa soka angepaswa kuyajua. Kazi ya Neeskens ilikuwa kumkaba mchezeshaji wa timu pinzani. Mchezeshaji mwenye akili akibanwa hushuka. Anarudi karibu na mabeki wake, anaomba mpira huko ambako hakuna wa kumsumbua, na kiungo aliyepewa kazi ya kumlinda humwacha kwa kuogopa kuacha pengo nyuma yake. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kawaida siku hizo. Neeskens hakumwacha. Mpinzani akishuka, alishuka naye, mara nyingi mpaka ndani kabisa ya nusu ya wapinzani, mahali ambapo kiungo mkabaji hakutazamiwa kuonekana. Mwanzoni wenzake wa nyuma walibaki kwao, na pengo kati yao na yeye likawa kubwa mno. Baadaye walianza kumfuata. Beki mmoja alisogea, wa pili akasogea, na mwishowe mstari mzima wa ulinzi wa Ajax ulikuwa umepanda karibu na duara la kati.

Mtu anaweza kuyasoma maelezo hayo kama kisa cha kuchangamsha tu, lakini yana maana kubwa kuliko hiyo. Mabeki wakipanda, kila mshambuliaji wa upande wa pili aliyebaki nyuma yao yuko kwenye kuotea. Uwanja wenye urefu wa zaidi ya mita 100 unabanwa na kuwa kipande kifupi, na ndani ya kipande hicho wachezaji 20 wanagombania mpira mmoja. Mwenye mpira anapoinua kichwa anakuta jezi tatu mbele yake na hana sekunde ya kufikiri. Akipiga mbele kwa kubahatisha, mwamuzi msaidizi anainua kibendera. Akirudisha kwa kipa, anafukuzwa. Mpira ukinyang'anywa hapo, lango liko karibu, na mtu kama Cruyff hahitaji kukokota kutoka mbali. Kwa hiyo zile nafasi nzuri ambazo washambuliaji wa Ajax walizitumia kwa ustadi zilikuwa na chanzo, na chanzo hicho kilikuwa kiungo mmoja aliyekataa kumwacha mtu wake. Mwaka 1972 Ajax ilitwaa ligi, kombe la nyumbani na Kombe la Ulaya, ikiifunga Inter 2-0 kwa mabao mawili ya Cruyff pale Rotterdam. Mwaka 1973 ikaifunga Juventus 1-0 Belgrade. Yale mabao mawili ya Rotterdam ni ya Cruyff, sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni kwa nini Inter, mabingwa wa kusubiri na kushtukiza, walikaa dakika 90 bila kupumua.

Hapa mtu makini atanipinga. Atasema kukaba kwa presha hakukuvumbuliwa na Neeskens wala na Waholanzi. Viktor Maslov aliwafundisha wachezaji wake wa Dynamo Kyiv kumzonga mwenye mpira katika miaka ya 1960, na Michels mwenyewe alikuwa mwalimu mkali wa mazoezi aliyetaka jambo hilo hilo. Tena atasema Ajax iliyobadilika baada ya 1969 ilipata watu wengi wapya, si mmoja: Ruud Krol, Arie Haan na Gerrie Mühren walipata nafasi zao katika miaka hiyo hiyo, na Horst Blankenburg akaja kutoka Ujerumani akiijua kazi ya kuupanga ulinzi uliopanda. Yote hayo nayakubali. Ila kuna tofauti kati ya kuagiza jambo na kulifanya liwezekane. Kocha anaweza kuamuru mstari upande, na mabeki wakaogopa, maana wao ndio watakaoaibika mpira ukipita juu ya vichwa vyao. Kinachomwondolea beki hofu hiyo ni kuona kwamba mwenye mpira kule mbele hana nafasi ya kuinua kichwa na kupiga pasi ndefu. Neeskens aliwapa mabeki wa Ajax uhakika huo mechi baada ya mechi, nao wakathubutu. Mkakati wa Michels ulihitaji mtu wa kwanza wa kuhatarisha, na mtu huyo alikuwa yeye.

Kombe la Dunia la 1974 huko Ujerumani Magharibi linatupa ushahidi ulio wazi zaidi, kwa sababu lilirekodiwa na kila mtu anaweza kulitazama. Uholanzi ilifika fainali ikiwa imefunga mabao 14 na kufungwa moja tu, na hilo moja Krol alijifunga dhidi ya Bulgaria. Kipa alikuwa Jan Jongbloed, aliyechaguliwa kwa kuwa alizoea kutoka langoni na kucheza kama beki wa ziada, na hilo peke yake laonyesha mstari ulikuwa juu kiasi gani. Beki wa kati alikuwa Haan, ambaye kwa asili ni kiungo. Timu yenye ulinzi wa namna hiyo ingepaswa kufungwa ovyo. Haikufungwa, maana mbele ya ulinzi huo walisimama Wim Jansen, Wim van Hanegem na Neeskens, na mpira ulikufa kabla ya kufika nyuma. Michezo sita, bao moja la kujifunga. Watu wakiizungumzia timu hii huanza na mabao 14. Mimi naona lile sifuri la wapinzani ndilo linaloeleza zaidi.

Mechi ya kuitazama kwa utulivu ni ya tarehe 3 Julai, Dortmund, dhidi ya Brazili. Hii ni Brazili ile ile iliyoifunga Zaire 3-0 siku chache kabla pale Gelsenkirchen, ikipata kwa taabu idadi ya mabao iliyohitaji kusonga mbele, na wengi wa wasomaji wa kitabu hiki watakuwa wamesimuliwa habari za Leopards wa mwaka ule. Ilikuwa timu ya mabingwa watetezi, lakini bila Pelé ilikuwa imegeuka kuwa timu ya mabavu, na siku ile iliteleza, ikasukuma, ikapiga viwiko. Neeskens aliangushwa vibaya kipindi cha kwanza. Dakika ya 50 alipata mpira upande wa kati, akampelekea Cruyff aliyekuwa kulia, na hakusimama kutazama pasi yake inafikia wapi. Aliendelea kukimbia moja kwa moja kuelekea langoni. Cruyff aliurudisha mpira kwa mguso mmoja, ukiwa chini kidogo ya goti, mbele ya mabeki. Neeskens akajitupa huku beki akijitupa naye, ncha ya kiatu chake ikawahi, na mpira ukapaa kwa upinde juu ya kipa Leão ukaingia. Tazama marudio ya bao hilo na uhesabu mbio zake: ametoa pasi, amekimbia karibu robo ya uwanja, amewahi kufika mbele ya mtu aliyekuwa karibu na lango kuliko yeye. Cruyff alifunga la pili dakika ya 65, na zikiwa zimebaki dakika chache Luís Pereira alitolewa nje kwa kumchezea rafu mtu yule yule, Neeskens. Brazili walikwisha kumjua adui yao.

Alimaliza mashindano akiwa na mabao 5, nyuma ya Grzegorz Lato wa Poland aliyefunga 7. Mtu atasema matatu kati ya matano hayo ni penalti, na ni kweli: mawili dhidi ya Bulgaria na moja kwenye fainali. Kiungo aliyefunga mabao mawili tu ya mchezo wa wazi si mfungaji wa kutisha. Lakini sidai kwamba Neeskens alikuwa mfungaji wa kutisha. Nadai kwamba alikuwa mtu wa kazi ambazo wengine walizikwepa, na penalti ya fainali ni mojawapo. Tarehe 7 Julai, Munich, Uholanzi ilianzisha mpira, ikapasiana bila Mjerumani kuugusa, Cruyff akaingia kwenye eneo la hatari, Uli Hoeneß akamwangusha. Mwamuzi Jack Taylor akaonyesha penalti. Hakuna aliyewahi kupewa penalti katika fainali ya Kombe la Dunia kabla ya siku hiyo. Uwanja ni wa wenyeji, mchezo una dakika moja na kitu, na mpigaji ana miaka 22. Neeskens alirudi nyuma hatua nyingi, akaja kwa kasi, akaupiga mpira kwa nguvu zake zote katikati ya lango huku Sepp Maier akijitupa upande. Mjerumani wa kwanza kuugusa mpira siku hiyo alikuwa Maier, akiutoa wavuni.

Kilichofuata ndicho kinachoniimarishia hoja kuliko ushindi wowote. Wakiwa wanaongoza, Waholanzi walianza kuuzungusha mpira kwa madaha. Baadhi ya wachezaji wenyewe, Johnny Rep akiwa mmojawapo, walikiri miaka ya baadaye kwamba walitaka kuwatia Wajerumani aibu badala ya kuwamaliza. Walibaki na kipaji chao chote, walibaki na Cruyff, ingawa Berti Vogts alimganda. Walichokiacha ni uwindaji. Mwenye mpira wa Kijerumani alipata muda wa kuinua kichwa, mstari wa ulinzi ukapoteza ule uhakika niliousema, na mchezo ukageuka. Paul Breitner alisawazisha kwa penalti dakika ya 25. Dakika ya 43 Rainer Bonhof, kiungo, alikimbia bila kufuatwa upande wa kulia na kumpa Gerd Müller mpira wa bao la ushindi. Bao lililoiua Uholanzi lilitokana na mbio za kiungo asiyefuatwa na mtu. Sijui hukumu iliyo wazi kuliko hiyo juu ya timu hiyo ilisimamia nini.

Nimefika sasa kwenye pingamizi kubwa kuliko yote, na nisingependa kulipita kwa haraka. Mwaka 1973 Cruyff aliondoka Ajax kwenda Barcelona, na Neeskens akabaki Amsterdam msimu mmoja zaidi. Kwa hiyo tuna mwaka mzima wa kuwapima wakiwa mbali mbali, jambo ambalo historia hutupatia mara chache. Matokeo yake hayanipendelei. Cruyff bila Neeskens aliipa Barcelona ubingwa wa Hispania ambao haikuuona tangu 1960, na njiani wakaifunga Real Madrid 5-0 Bernabéu. Neeskens bila Cruyff alikuwa katika Ajax iliyotolewa na CSKA Sofia mapema kwenye Kombe la Ulaya na kumaliza ya tatu katika ligi. Mwaka 1974 Neeskens naye akahamia Barcelona, na katika miaka yake 5 pale hakushinda ubingwa wa ligi hata mara moja. Mtu akinitolea takwimu hizo na kuniambia Cruyff alikuwa mchezaji mkubwa zaidi, nitamjibu kwamba ni kweli. Alikuwa mkubwa zaidi. Sijasema vinginevyo wala sitasema.

Lakini tuangalie takwimu hizo zinathibitisha nini hasa. Barcelona ya 1974 ilikuwa timu nzuri iliyompata mchezaji bora wa dunia, ikachukua ligi. Haikuwa Ajax. Hakuna anayeitaja leo kama timu iliyobadilisha soka. Cruyff peke yake aliweza kuleta ubingwa, na hilo si dogo, ila hakuweza kuleta soka la jumla, kwa sababu soka hilo halikai ndani ya mtu mmoja. Ajax nayo mwaka 1973 ilimpoteza pia kocha wake, Ștefan Kovács, aliyemrithi Michels, na kundi lililoshinda kila kitu kwa miaka mitatu lilikuwa limeanza kugawanyika, hivyo lawama haziwezi kumwangukia aliyebaki. Na Neeskens kule Barcelona? Nitasema ninavyolielewa. Kiungo anayemfuata mpinzani mpaka kwake ni hazina ikiwa mabeki nyuma yake wanapanda pamoja naye. Wasipopanda, mbio zake zinaacha shimo, na ushujaa wake unakuwa gharama. Wenzake wengi walioikariri lugha moja kwenye viwanja vya Amsterdam hawakuhama naye. Hilo linapunguza sifa ya Neeskens kama mwokozi wa timu, lakini halipunguzi hata chembe ukweli kwamba pale mashine ilipokamilika, yeye ndiye aliyekuwa akiiwasha.

Na waliomwona kwa karibu walimjua. Cruyff alipoondoka Barcelona mwaka 1978, Neeskens alibaki mwaka mmoja zaidi, na tarehe 16 Mei 1979 mjini Basel alikuwa uwanjani Barcelona ilipoifunga Fortuna Düsseldorf 4-3 baada ya muda wa nyongeza na kutwaa Kombe la Washindi, kombe la kwanza la Ulaya katika enzi ya rais Josep Lluís Núñez. Klabu ilikuwa imekwisha kuamua kutomwongezea mkataba. Umati uliojaa kusherehekea uwanja wa Sant Jaume uliimba jina lake, naye akalia mbele yao. Mashabiki hawakumlilia mfungaji wa mabao mengi wala mtu wa vyenga. Walimlilia aliyechafua jezi yao kila Jumapili.

Mwaka 1978 timu ya taifa nayo ilikwenda Argentina bila Cruyff, chini ya Ernst Happel. Neeskens aliumia mapema katika kichapo cha 3-2 kutoka kwa Scotland, akakosa michezo miwili iliyofuata. Ukweli ni kwamba katika mmoja wa michezo hiyo wenzake waliifunga Austria 5-1 bila yeye, kwa hiyo sitasema kila kitu kilimtegemea. Alirudi dhidi ya Italia, mchezo ulioamua nani aende fainali, na Waholanzi wakashinda 2-1 baada ya kutanguliwa. Kwenye fainali ya tarehe 25 Juni alicheza mpaka mwisho, dakika 120, ambamo mpira wa Rob Rensenbrink uligonga mwamba katika dakika ya 90 kabla ya Argentina kushinda 3-1. Fainali mbili za Kombe la Dunia, moja na Cruyff na nyingine bila yeye, zote mbele ya wenyeji, na kiungo huyu yumo katika zote mbili.

Kuna gharama pia ya kuisema. Moto huo huo uliomfanya asimwache mtu ulimponza. Katika nusu fainali ya Ulaya ya 1976 huko Zagreb alitolewa nje dhidi ya Czechoslovakia, Van Hanegem akamfuata, na Uholanzi iliyokuwa ikitajwa kuwa bora barani ikaondoka kwa 3-1. Mkabaji anayeishi kwenye ukingo wa sheria ataanguka siku moja, na siku hiyo huwa haichaguliwi. Sioni sababu ya kulificha hilo. Nalitaja kwa kuwa wapo wanaomsifu kana kwamba alikuwa mtumishi mpole wa timu. Hakuwa mpole.

Kwa nini basi kumbukumbu imemweka pembeni? Nadhani jibu liko kwenye jinsi tunavyotazama. Kamera ya mwaka 1974 ilifuata mpira, na sisi tunaifuata kamera. Kazi ya Neeskens ilifanyika zaidi mahali ambapo mpira haupo bado. Hakukuwa na vifaa vya kupima kilomita alizokimbia mchezaji wala mara alizonyang'anya mpira. Alicheza mechi 49 za taifa na kufunga mabao 17, na hizo ndizo namba zilizobaki, nazo hazisemi lolote juu ya yale aliyozuia yasitokee. Leo tuna vipimo, na vimetufundisha kuwaona watu wa aina yake. N'Golo Kanté alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester mwaka 2016, akahamia Chelsea, akawa bingwa tena mwaka 2017, wakati Leicester iliyomuuza ilishuka mpaka nafasi ya 12. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa juu ya thamani ya Kanté. Neeskens alikuwa na mapafu hayo hayo, na juu yake alikuwa na bao na penalti, ila alicheza katika zama ambazo hazikuwa na rula ya kumpimia.

Baada ya Barcelona alikwenda New York Cosmos, akakaa huko hadi 1984, kisha akamalizia soka lake Uswisi. Akawa kocha msaidizi wa Guus Hiddink na wa Frank Rijkaard, katika timu ya taifa ya Uholanzi, Australia, Barcelona na Galatasaray: tena wa pili, na safari hii kwa hiari yake. Mwaka 2011 alikuja Afrika Kusini kuifundisha Mamelodi Sundowns. Tarehe 4 Machi 2012 timu yake iliifunga Powerlines 24-0 katika Kombe la Nedbank, Hlompho Kekana akifunga mabao 7, ikafika fainali na kufungwa na SuperSport United. Kwenye ligi mambo yalimwendea vibaya, na Desemba 2012 aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Pitso Mosimane. Ukocha mkuu haukuwa kipaji chake kikubwa. Kufundisha kulikuwa. Alifariki tarehe 6 Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 73, huko Algeria, alikokwenda na mpango wa chama cha soka cha Uholanzi wa kuwafunza makocha.

Mechi ya Dortmund dhidi ya Brazili inapatikana nzima, na ningemwomba msomaji, hasa kocha wa vijana, aitazame mara mbili. Mara ya kwanza aufuate mpira kama kawaida. Mara ya pili auache mpira, amfuate namba 13 tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, halafu awaonyeshe viungo wake wanakosimama wao wakati timu haina mpira.